Kuupanda Sabaki: Safari ya Kutafuta Dhahabu na Platini Nyuma ya Malindi

Ijumaa, Malindi

Mto umepungua. Kaskazi inavuma, kiangazi kimekaza, na maji mekundu ya Sabaki yanasukumwa kusini mpaka mbele ya mji wetu. Kusi ikirudi yatageuka kuelekea Mambrui na Ngomeni. Anayetaka kuona kitanda cha mto huu aje sasa, mchanga ukiwa wazi na mtu anaweza kuvuka mahali pengine maji yakiwa magotini.

Safari hii imetokana na karatasi ya mkataba. Madalali wamekuwa wakipita vijiji vya bondeni wakitaka kukodi mashamba ya kando ya mto kwa miaka mingi. Wanasema mchanga wa Sabaki una dhahabu, na chini ya dhahabu kuna platini, metali nyeupe ya thamani. Karatasi moja imemfikia mjomba wangu Kakoneni. Alinitumia picha za kurasa zake kwa simu, pamoja na swali: "Mwanangu, haya ni kweli?"

Sikutaka kumjibu kwa kukisia. Shamba lile ndilo linalomlisha yeye na wajukuu wake: mahindi, mchicha, ndizi, na maembe ya kuuza Malindi msimu ukifika. Nimeamua kuupanda mto kutoka mdomoni mpaka ndani ya Tsavo, nikiuosha mchanga njiani.

Leo jioni nimepita kwa Ami, sonara wa siku nyingi aliyekuwa rafiki wa babu. Amekubali kuja nami. Amefungasha jiwe lake jeusi la kupimia, chupa ndogo ya maji makali, fuawe ya mkononi, nyundo, na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Mimi nimebeba karai mbili na koleo.

Jumamosi, Mambrui

Mchanga wa Mambrui unang'aa kweli. Jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu, kila wimbi linalorudi linaacha mstari wa manjano, na ukitembea peku nyayo zinajaa vumbi linalometameta. Wageni wameupa ufuo huu jina la dhahabu, na watoto wa hapa wamekua wakisikia hivyo.

Ami alichota mchanga kiganjani akaacha upepo uchukue ulio mwepesi. Akaokota vipande vichache vinavyong'aa kwa ncha ya kisu, akaviweka juu ya fuawe na kuvigonga taratibu. Vilichanika vikawa vipande vyembamba zaidi, halafu vikawa unga. "Dhahabu ukiipiga inakubali," alisema. "Inatandaa. Gramu moja fundi hodari anaifanya karatasi ya karibu mita moja ya mraba. Hiki kinachovunjika si dhahabu, mwanangu, hata king'ae vipi."

Ni maika, au ulanga. Huzaliwa ndani ya miamba ya kale ya Ukambani na Tsavo, ile miamba ya naisi yenye mistari myeupe na myeusi. Mvua na jua huipasua miamba hiyo, mto unabeba vipande. Maika ina uzito wa karibu mara tatu ya maji, na kwa kuwa ni bapa huelea-elea na kutua mwisho, juu ya kila kitu. Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya maji, na platini safi mara 21.4. Vitu vizito namna hiyo havibaki juu ya mchanga vikimsubiri mpita njia. Huzama mpaka vikutane na mwamba au udongo mgumu, na mtu huvifuata kwa koleo na jasho. Hiyo peke yake ilitosha kunitia shaka juu ya hadithi za dalali, ambaye nasikia alimwonyesha mjomba chupa ya mchanga unaometa.

Lakini ufuo huu una mali nyingine, na watu hawaitazami kwa sababu ni nyeusi. Juu kidogo ya mstari wa maji kujaa kuna michirizi ya mchanga mweusi. Wimbi hupeleka mchanga wote juu, likirudi linaondoka na ulio mwepesi, mzito unabaki. Ami alipitisha sumaku yake, ikavaa ndevu nyeusi za magnetiti, madini yenye chuma. Sehemu iliyobaki ni ilmeniti yenye titani, chembe za zirikoni, na punje nyekundu za ganeti. Mambrui imo katika orodha ya maeneo ya pwani yenye mchanga wa titani, pamoja na Kilifi, Vipingo na Kwale. Kule Kwale ulichimbwa na kuanza kusafirishwa 2014, na uchimbaji ukafikia mwisho 2024.

Na chuma? Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kazi yake 1154 katika jumba la mfalme wa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowapa faida kubwa kuliko biashara zao zote. Dhahabu iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani yetu ilitoka mbali, nyanda za Zimbabwe, ikishuka Sofala na kupandishwa Kilwa. Wazee wetu walijua kipi ni chao na kipi ni cha kupitishwa. Hapahapa Mambrui ndipo ilipochimbuliwa sarafu ya shaba ya China mwaka 2010, ya enzi ya mfalme Yongle. Mji huu haukuhitaji dhahabu ya kubuni ili ujulikane duniani.

Jumapili, mdomo wa mto

Siku fupi. Viboko walikuwa majini na mvuvi mmoja alituonya tusikaribie matete. Flamingo walijaa upande wa pili.

Tuliosha mchanga mara kadhaa, tukapata maika tele na mweusi kidogo. Mdomoni mto umechoka, hauwezi tena kubeba kizito, unashusha matope. Matope hayo yameusogeza ufuo wa Malindi mbali sana na pale wazee walipouacha. Wataalamu waliopima matumbawe ya Malindi, yenye kumbukumbu ya miaka 300 ndani ya matabaka yake, walieleza mwaka 2007 kwamba udongo unaoletwa na mto ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, misitu na malisho ya juu yalipoanza kulimwa na kukanyagwa kupita kiasi. Kila mvua kubwa mashamba ya watu yanapita chini ya daraja la Sabaki kuelekea baharini, na hakuna dalali anayeulizia bei yake.

Jumatatu, Kakoneni

Mjomba alitupokea kwa madafu. Mkaza mjomba alikuwa ameshatayarisha sima na mchicha wa nazi, hakutaka kusikia habari ya mchanga kabla hatujala.

Baada ya adhuhuri tulishuka mtoni. Hapa mto unapinda, na pindo la ndani, pale maji yanapopungua nguvu, limejenga fungu kubwa la mchanga na changarawe. Mtafuta madini yeyote angeanzia hapo. Kila maji yanapopunguza mwendo, kizito kinashuka kwanza. Kwa hiyo unatafuta ndani ya pindo, nyuma ya jiwe kubwa, chini ya mizizi, ndani ya nyufa za mwamba.

Tulichimba mpaka koleo likagonga udongo mgumu wa kijivu, tukachukua changarawe ya chini kabisa. Kuosha kuna namna yake. Unajaza karai nusu, unaizamisha, unasuguasugua kwa mikono mpaka matope yote yatoke na mawe makubwa uyatupe. Kisha unatikisa karai kushoto na kulia ikiwa ndani ya maji ili kizito kishuke, halafu unaiinamisha na kuacha maji yaondoke na tabaka la juu. Unarudia, tena na tena, bila haraka. Maika huondoka mwanzo, mchanga mweupe wa kwatzi unafuata. Mwisho unabaki na mkia mwembamba wa rangi nyeusi kwenye kona ya karai, na macho yote yanaangukia hapo.

Wajukuu wa mjomba walikuwa wametuzunguka, wamenyamaza. Ami alimwaga mkia ule kwenye sahani nyeupe, akaukausha juani, akatoa magnetiti kwa sumaku, akaanza kusogeza punje moja moja kwa ncha ya unyoya. Ganeti nyekundu, ndogo kuliko mbegu ya ufuta, na nzuri ajabu ukiziweka kwenye mwanga. Ilmeniti nyeusi tititi. Punje chache za manjano hafifu zisizo na mng'aro wa chuma. Dhahabu hapana. Tulichimba mahali pengine, chini ya mkuyu, kisha pengine tena, mpaka jua likazama. Hapana.

"Na platini?" mjomba aliuliza. "Wanasema ni nyeupe, huenda hamuioni."

Lilikuwa swali la haki. Platini ya mtoni hutokea kama punje za kijivu cha chuma cha pua, nzito mno. Mara nyingi ina chuma ndani yake, hivyo sumaku kali inaweza kuivuta kidogo na mtu akaitupa pamoja na magnetiti. Maji makali ya sonara hayaigusi. Zebaki, ambayo wachimbaji wengi huitumia kukamata dhahabu, haiishiki platini kwa urahisi. Ami alisimulia jinsi mteja mmoja Mtaliano, miaka ya nyuma, alivyomletea pete nyeupe aipanue. Aliiweka motoni akidhani ni dhahabu nyeupe. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064. Pete ile ilikaa imekuwa nyekundu tu, kwa sababu platini inataka nyuzi 1768 na moto wa karakana yake hauzifikii. Alimrudishia mwenyewe na kumwambia ukweli.

Usiku tuliirudia ndevu ile ya sumaku punje kwa punje, kwa taa. Ami alizigonga juu ya fuawe. Platini nayo hutandaa ikigongwa. Hizi zote zilipasuka.

Nilimweleza mjomba mabonde ambako mambo haya ni ya kweli. Huko Chocó, magharibi ya Kolombia, dhahabu na platini hulala pamoja kwenye changarawe ya mito. Wahispania wa karne ya 18 waliona platini ni uchafu unaowaharibia dhahabu. Baadaye serikali yao iliamuru itupwe mtoni, kwa kuhofia walaghai wangeichanganya na dhahabu, maana uzito wake haupungui. Milima ya Ural kule Urusi ilitoa platini nyingi ya mitoni kiasi kwamba dola iligonga sarafu zake kati ya 1828 na 1845. Jirani yetu Ethiopia ana Yubdo, kwenye bonde la mto Birbir upande wa magharibi, palipochimbwa platini tangu miaka ya 1920. Kila pahali hapo, juu ya mto au chini yake kabisa, kuna miamba ya aina moja: mizito, ya kijani cheusi, yenye kromiti (madini meusi ya kromi), iliyotoka kina kirefu ardhini. Mwamba unaoza, mvua inaosha, platini inashuka karibu na ulipokuwa mwamba wake kwa sababu ni nzito kusafiri mbali. Siku hizi hata mito si kitu sana. Sehemu kubwa ya platini ya dunia, takriban asilimia 70, inatoka kwenye migodi mirefu ya Afrika Kusini, kwenye tabaka lililotambuliwa na Hans Merensky 1924.

Sabaki unashuka kutoka miamba ya aina nyingine. Kule juu unaitwa Athi, unapita kando ya lava ya Yatta na juu ya naisi ya Ukambani. Dhahabu inayochimbwa Kenya, sehemu kubwa, iko upande wa pili wa nchi: Migori, Kakamega ambako watu walimiminika 1931, Narok upande wa Lolgorien, na Pokot Magharibi. Maji ya huko yanakwenda Ziwa Victoria au Turkana. Hayafiki Kakoneni.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kitu ambacho kimekaa nami: "Babu yangu aliondolewa ng'ambo ile kwa bunduki." Alimaanisha 1914, Waingereza walipowafukuza Wagiriama kutoka ukingo wa kaskazini wa Sabaki, ardhi yenye rutuba kuliko zote, baada ya Mekatilili wa Menza, kiongozi wao, kuwalisha watu kiapo cha kukataa kupelekwa kufanya kazi za wazungu. "Siwezi kuondoka ng'ambo hii kwa kalamu."

Jumanne, Baricho

Baricho ndipo maji ya kunywa ya Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa yanapoanzia safari. Visima vimechimbwa ndani ya mchanga wa kale wa mto. Maji mekundu yanapenya kwenye mchanga huo, na yanavutwa chini yakiwa meupe. Mchanga unafanya kazi ya kifumbu cha tui: chicha inabaki juu, tui linashuka.

Nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Tangu Ijumaa tulikuwa tukiuliza mchanga umebeba nini, na hapa thamani yake ni mchanga wenyewe, kule kulala kwake mnene na mpana chini ya mto. Ukiuchimba na kuuhamisha, hakuna kinachobaki cha kuchuja. Mji mzima wa Malindi unafungua bomba asubuhi bila kujua kwamba unategemea fungu la mchanga katika kijiji ambacho wengi hawajawahi kukifikia.

Jumatano, Langobaya hadi Chakama

Joto, vumbi, ng'ombe wengi. Tulipishana na malori ya mchanga wa ujenzi yakielekea Malindi, yamejaa mpaka mchanga unamwagika barabarani. Nilianza kuyahesabu, nikaacha. Chakama tulilala kwa jamaa wa mjomba. Usiku ndovu walisikika mbali na watu walitoka kupiga madebe kulinda mahindi.

Alhamisi, Tsavo Mashariki

Tumeingia kwa lango la Sala. Ndani ya hifadhi mto unaitwa Galana, na hapa haturuhusiwi kuchota hata kiganja cha mchanga, nasi hatukutaka. Karai zimebaki garini. Tumekuja kuona mwamba.

Maporomoko ya Lugard yamepewa jina la Mwingereza aliyepanda njia hii ya Sabaki kutoka pwani mwaka 1890. Mto mzima unabanwa kwenye mifereji ya naisi, na mwamba umechongwa na maji mpaka umekuwa laini, wenye mikunjo na mashimo ya duara. Ndani ya mashimo hayo kuna changarawe inayozungushwa kila mafuriko. Kama mto huu ungekuwa unabeba dhahabu au platini kwa wingi, mashimo haya ndiyo yangekuwa hazina yake.

Ami aliinama juu ya ukuta wa mwamba, akanionyesha kwa kidole bila kugusa. Mstari mweusi wa maika, mstari mweupe wa kwatzi na felspa, na katikati, zimejichomeka kama zilivyozaliwa, ganeti nyekundu. Zile zile tulizozipata Kakoneni kwenye sahani. Jirani na hapa, upande wa Taita, ndiko kwenye vito vya kweli: ganeti ya kijani iliyopewa jina la Tsavo, na rubi. Hii naisi ni mwamba wa vito, na mng'aro wote wa Mambrui chanzo chake ni humu. Nilifurahi kuuona, sina haja ya kuficha.

Ijumaa, Kakoneni tena

Tulikaa barazani, mjomba, mkaza mjomba, wana wawili wa mjomba na jirani. Nikasoma karatasi yote kwa sauti. Kichwa chake kinasema kukodi ardhi kwa utafiti wa dhahabu na platini. Kifungu cha nne kinasema aliyekodi atakuwa na haki ya kuchukua "mchanga, kokoto na madini mengine."

Mkaza mjomba ndiye aliyenisimamisha. "Rudia hapo. Mbona mchanga umetangulia?"

Nilirudia. Kila mtu barazani akayakumbuka malori. Siwezi kusema moyo wa dalali una nini, ila karatasi ikisainiwa, mchanga ungeondoka kesho yake bila punje moja ya platini kutafutwa, na ukingo wa shamba ungeufuata mto mvua ya kwanza.

Tukaweka sheria mezani. Katiba na Sheria ya Madini ya 2016 zinasema madini yote ni mali ya umma chini ya uangalizi wa serikali ya kitaifa, hata yakiwa chini ya shamba lako. Kwa hiyo mjomba hawezi kumuuzia mtu dhahabu, na mtu hawezi kuitafuta kwa karatasi ya mjomba peke yake. Anahitaji leseni kutoka wizarani, na leseni hizo zimo kwenye rejista ya mtandaoni. Anahitaji pia idhini ya mwenye ardhi. Mrabaha, yaani malipo ya kuchimba madini, ukilipwa, asilimia 70 huenda serikali kuu, 20 kaunti na 10 jamii ya mahali hapo. Karatasi ya dalali haikuwa na nambari ya leseni wala haikutaja mrabaha.

Mjomba amempigia simu mbele yetu, kwa upole, akamwomba alete nambari ya leseni na ripoti ya vipimo vya mchanga wenye platini, pamoja na jina la maabara. Amejibiwa kwamba hayo yatakuja baada ya sahihi.

Karatasi imerudishwa bila sahihi, na nakala yake imepelekwa kwa chifu. Majirani wenye karatasi za namna hiyo hiyo wameomba tukae nao Jumapili baada ya kanisa, na Ami amesema atabaki na fuawe yake mpaka siku hiyo.